Kuandikishwa Shule si Kupokewa Darasani

Kila mwaka, mwezi wa Januari, mwalimu wa Darasa la Kwanza hufungua daftari jipya la mahudhurio na kuandika humo majina ya watoto aliopewa. Majina hayo huyapanga mstari kwa mstari, kwa wino wa rangi moja, nayo yote huonekana sawa. Hapo ndipo kosa letu la kwanza linapoanzia. Daftari hutufanya tuamini kuwa tumepokea darasa moja, kumbe tumepokea watoto arobaini, au tisini, au zaidi, ambao kila mmoja wao amekuja na lugha yake, mwili wake, njia yake ya kufika shuleni, na sababu zake za kunyamaza.

Makala hii nawaandikia ninyi walimu wanafunzi, hasa mtakaofanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Kilosa na Mikumi. Ninakusudia kueleza kwamba vyuo vyetu vinawafundisha vema jinsi ya kuliandaa somo, lakini haviwafundishi vya kutosha jinsi ya kumtambua mtoto atakayelipokea somo hilo. Na kwamba upungufu huu unawafukuza watoto shuleni kimya kimya, bila barua wala kikao.

Tulitazame kwanza darasa lenyewe. Wilaya ya Kilosa ni nchi ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, lakini haijawa nchi ya watu wa aina moja kwa zaidi ya miaka mia. Reli ya Kati ilileta watu. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalileta vibarua kutoka pembe nyingi za nchi, na wajukuu wao leo wamo madarasani mwetu. Upande wa Mikumi, barabara kuu iendayo Iringa imeleta madereva, mama lishe na wenye nyumba za wageni. Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 imeleta askari wa wanyamapori na familia zao. Na mashamba ya miwa ya Ruhembe huleta wakata miwa ambao watoto wao huonekana msimu wa mavuno unapoanza na kutoweka unapokwisha. Mabondeni wako wafugaji: Wamaasai wa Twatwatwa na Parakuyo, Wabarabaig, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Watoto wa watu wote hawa huketi juu ya madawati yale yale. Miongoni mwao yuko asiyesikia vizuri, yuko asiyeona ubao, yuko mwenye ualbino, yuko mwenye mguu uliopooza, yuko anayeelewa polepole kuliko wenzake, na yuko ambaye hana ila lolote isipokuwa kwamba tangu jana mchana hajala.

Taifa letu limefanya kazi kubwa ya kuwaingiza watoto hao shuleni. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1974, huko Musoma, chama cha TANU kiliazimia kwamba lengo la elimu ya msingi kwa watoto wote lifikiwe mwaka 1977, wala lisingojee mwaka 1989 kama ilivyokuwa imepangwa awali. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikawafunga wazazi kuwaandikisha watoto. Ada ya shule za msingi iliyokuwa imerudi baadaye ikaondolewa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwezi wa Januari 2016 michango ya lazima nayo ikaondolewa, madarasa yakafurika. Kuhusu watoto wenye ulemavu, ulimwengu ulitoa Tamko la Salamanca mwaka 1994, kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Nasi tukawa na mkakati wa taifa wa elimu jumuishi kuanzia mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Kwa hiyo mlango umefunguliwa, wala hakuna haja ya kuugombea upya. Swali lililobaki ni la ndani ya mlango: mtoto akiisha kuandikishwa, nani anampokea?

Niruhusuni nitoe mfano ambao si wa kujivunia. Nilipokuwa mwalimu kijana, katika shule ambayo sitaitaja, nilikuwa na mvulana aliyeketi dawati la mwisho. Nilipomwita hakuitika. Nilipomwuliza swali alitabasamu. Niliona tabasamu lile kuwa ni dharau, nikamwadhibu mara mbili au tatu mbele ya wenzake. Muhula wa pili mstari wa jina lake ukaanza kujaa alama za utoro, na mwisho wa mwaka nikalikata jina. Baada ya miaka kadhaa nilikutana na mama yake sokoni. Hakunilaumu. Alinieleza tu kwamba masikio ya mwanawe yalikuwa yakitoa usaha tangu utotoni, na kwamba alikuwa akisikia ngoma lakini hasikii maneno ya watu. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilidhani unajua."

Sikuwa najua. Nilijua sehemu zote za andalio la somo na mpangilio wake. Nilijua utangulizi uchukue dakika ngapi na hitimisho dakika ngapi. Sikujua kwamba mtoto asiyesikia hutabasamu ili watu wasitambue kuwa hakusikia. Wala sikujua kwamba usaha wa masikioni ni ugonjwa unaotibika, na kwamba barua moja ya mwalimu kwa mzazi, ya kumpeleka mtoto kwenye kituo cha afya, ingaliweza kufanya kazi ambayo fimbo yangu isingaliifanya kamwe. Nami nilikuwa na cheti changu cha ualimu, tena cha alama nzuri.

Nikilitafakari jambo hili leo naona kasoro tatu katika namna tunavyowaandaa walimu.

Kasoro ya kwanza ni kwamba elimu jumuishi tumeitenga iwe mada ya peke yake. Mwanachuo huisoma kwa mkufunzi mmoja, hukariri maana yake, hutaja aina za ulemavu kwa mpangilio, hufanya mtihani, akafunga daftari. Akihamia katika njia za kufundisha Hisabati, mtoto anayezungumziwa huko ni mtoto asiye na jina, asikiaye vizuri, aonaye vizuri, ajuaye Kiswahili tangu nyumbani, tena aliyekula asubuhi. Mtoto huyo wa vitabuni nimemtafuta Kilosa, nimemtafuta Mikumi, sijapata darasa lililojaa watoto wa namna yake. Rai yangu ni kwamba kila mkufunzi, awe wa Hisabati, wa Sayansi au wa Kiswahili, awajibike kuonyesha ndani ya somo lake jinsi somo hilo litakavyomfikia asiyesikia, asiyeona na asiyejua Kiswahili.

Kasoro ya pili iko katika mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo hufika shuleni Jumatatu, hupewa ratiba, na Jumanne yuko mbele ya ubao. Mkufunzi anapokuja kumtathmini huketi nyuma ya darasa, na fomu mkononi. Kutoka pale anamwona vizuri mwalimu, anauona ubao, anaiona zana. Lakini watoto anawaona visogo. Tumekuwa tukipima ualimu kwa kutazama visogo vya watoto! Napendekeza kwamba mkufunzi aketi mbele, pembeni, awatazame watoto nyuso zao wakati mwalimu akifundisha, na baada ya somo aanze kwa kumwuliza mwanachuo: "Nani hakufuata somo lako, na ulimtambuaje?" Asiyeweza kujibu swali hilo, hata kama andalio lake ni safi, bado hajafundisha. Napendekeza pia kwamba juma la kwanza la mazoezi lisiwe na kufundisha hata kidogo. Mwanachuo akae darasani, acheze na watoto uwanjani, afuatane nao njiani jioni, kisha aandike habari za watoto watano: wanatoka wapi, wanavuka mto gani wakati wa masika, wanazungumza lugha gani nyumbani, wanaona na kusikia kiasi gani. Habari hizo azihifadhi kwa siri, maana ni amana, si hadithi za kupiga gumzo katika chumba cha walimu.

Kasoro ya tatu ni ya ulimi. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu Kilosa inalijua kwa damu. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mwaka 2009 ikafanyika operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao katika sehemu za wilaya. Watoto waliozaliwa upande huu na upande ule wa ugomvi huo wanasoma pamoja. Mwalimu mgeni anaweza kuleta balaa kwa mzaha mmoja tu. Watu wengi humwita Mbarabaig "Mang'ati" bila kujua kwamba asili ya jina hilo ni neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Hebu fikirini: mwalimu anamwita mtoto adui mbele ya darasa, darasa linacheka, naye anadhani amechangamsha somo! Wapo pia wanaowaita watoto wa wakata miwa "wapita njia", na watoto wenye ualbino kwa majina ambayo sitayarudia hapa. Jina analolitamka mwalimu asubuhi ndilo watoto wataliimba mchana uwanjani. Kwa hiyo kanuni iwe moja: mtoto aitwe kwa jina lake, lile aliloliandikisha mzazi wake.

Sasa tuyaingie matendo, maana lawama peke yake haijengi darasa.

Katika juma lenu la kwanza na darasa, chunguzeni masikio na macho kwa njia ya mchezo. Simameni nyuma ya mtoto, mtajeni jina kwa sauti ya kawaida, mwone kama atageuka. Andikeni herufi ubaoni, kila mtoto azisome kutoka dawati la mwisho, jicho moja likiwa limefunikwa kwa kiganja, kisha jingine. Mtazameni anayegeuza sikio moja kwenu kila mnaposema, anayewatazama midomo, anayechungulia daftari la jirani kabla ya kuandika, anayesogeza kitabu mpaka kikakaribia pua. Huyo si mzembe mpaka ithibitishwe hivyo. Kwanza ni mtoto wa kupelekwa kituo cha afya, na huku akingoja, ni mtoto wa kuketi mbele. Nanyi mnapofundisha msiseme huku mmeuelekea ubao, kwa sababu anayesoma midomo hataona kitu ila mgongo wa shati. Mtoto mwenye ualbino aketi mbali na dirisha lenye jua kali, aruhusiwe kusogea mpaka ubaoni, avae kofia na nguo za mikono mirefu, wala asipangiwe kazi ya shamba la shule saa sita mchana. Kupanga upya viti na zamu za shamba hakuhitaji fedha wala kibali cha Wizara.

Kwa upande wa lugha, kumbukeni kwamba Kiswahili kimetuunganisha, nasi tuna haki ya kujivunia. Lakini kwa mtoto anayefika Darasa la Kwanza kutoka boma la ng'ombe, Kiswahili ni lugha ya kujifunza kabla ya kuwa lugha ya kujifunzia. Ukimya wake si upumbavu. Mpeni nafasi ya kuonyesha kabla ya kusema: aguse, apange, ahesabu, achore. Mketisheni karibu na mwenzake anayejua lugha zote mbili. Jifunzeni japo salamu zake. Mtoto wa Kimaasai humsogelea mkubwa, akainamisha kichwa ili aguswe utosini; hiyo ndiyo shikamoo yake. Mwalimu asiyejua hilo humwona mtoto huyo hana adabu kwa kuwa hakutamka neno, kumbe ametoa heshima kamili naye mwalimu ndiye aliyeshindwa kuipokea.

Mtauliza: je, nitaandaa masomo mangapi, moja la asiyeona, moja la asiyesikia, moja la asiyejua lugha? La, hasha. Andaeni somo moja lenye milango mingi. Chukueni mfano wa sehemu katika Hisabati, nusu na robo. Mikumi na Ruhembe muwa si kitu cha kutafuta. Mwalimu achukue muwa ulionyooka, apime urefu wake kwa kamba, aikunje kamba mara moja katikati, akate muwa mahali pa kunjo. Vipande viwili vipitishwe mikononi mwa watoto. Asiyeona atalinganisha urefu kwa vidole vyake. Asiyesikia ataona kamba ikikunjwa na kisu kikikata. Asiyejua Kiswahili atapata neno "nusu" likiwa limeshikwa mkononi, nalo halitamtoka tena. Anayeelewa polepole atarudia kukunja kamba mara tatu bila mtu kumcheka. Mwepesi naye ataulizwa: tukikunja mara ya tatu tutapata vipande vingapi? Huko Twatwatwa, ambako miwa haipo karibu, vibuyu na maji vitatosha. Zana moja imewafikia wote, na hata yule mtoto wa vitabuni, kama yupo, hakupungukiwa na kitu.

Nafahamu kwamba kuna wenye hoja dhidi ya haya. Wa kwanza husema: madarasa yamejaa mno, mwalimu mmoja hawezi kumtazama kila mtoto. Hoja hii ina ukweli, wala sitaki kuwadanganya kwamba darasa la watoto mia ni sawa na darasa la watoto arobaini. Yatupasa kuendelea kudai madarasa na walimu zaidi. Lakini wingi wa watoto hauwezi kuwa sababu ya kufundisha kana kwamba wote ni mmoja. Kadiri darasa linavyokuwa kubwa, ndivyo mtoto anavyoweza kupotea kwa urahisi zaidi, na ndivyo mwalimu anavyohitaji utaratibu wa kumtafuta: vikundi vilivyochanganywa kwa makusudi, kiongozi wa kikundi anayebadilishwa kila juma, na daftari dogo ambamo kila siku huandikwa habari za watoto watano tu. Kwa watoto watano kwa siku, darasa la watoto mia huzungukwa lote kwa majuma manne.

Wa pili husema: watoto wenye ulemavu wana shule zao. Ni kweli tunazo shule za sifa njema, kama ile ya wasioona ya Buigiri mkoani Dodoma, na ile ya viziwi ya Tabora iliyoanzishwa mwaka 1963; na Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinatoa walimu wa elimu maalumu. Sisemi kwamba shule hizo zifungwe. Kinyume chake, nasema wazi kwamba mtoto kiziwi aliyewekwa katika darasa ambalo hakuna mtu hata mmoja ajuaye Lugha ya Alama hajajumuishwa. Amewekwa tu, kama kiti. Asiyeona aliye darasani bila maandishi ya nukta nundu naye hali yake ni hiyo hiyo. Mahali ambapo kijiji hakiwezi kuwapa haki yao, mwalimu awe wa kwanza kuwaarifu wazazi na afisa elimu kuhusu shule inayowafaa. Lakini nafasi katika shule hizo ni chache, nazo ziko mbali. Na watoto wengi zaidi wana upungufu wa kadiri, wa sikio moja, wa macho mafifu, wa mkono mmoja, ambao hakuna shule maalumu itakayowachukua. Hao ni wenu. Asipowafundisha mwalimu wa kijiji, hawatafundishwa na mtu.

Wa tatu hawasemi kwa sauti, lakini hufikiri hivi: mtoto mmoja akichelewesha darasa, wengine wataanguka mtihani. Kwao najibu kwamba mambo niliyoyataja, yaani kusema kwa uso uliogeuzwa kwa watoto, kuandika kwa herufi kubwa, kutumia zana inayoshikika, kuuliza kabla ya kuendelea, hayamcheleweshi mtoto yeyote. Ni ualimu bora kwa wote. Tofauti ni kwamba wepesi huweza kujifunza hata tukifundisha vibaya, nasi huiba sifa zao tukaziita zetu. Mtoto anayetuhitaji ndiye anayepima kama sisi ni walimu.

Ndugu walimu wanafunzi, mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika Kilosa ukaharibu nyumba za watu kwa maelfu. Baada ya mafuriko kama yale kila mwalimu huita majina darasani kwa hofu, akingoja kusikia sauti ya kila mtoto. Hakuna anayetaja jina asipate jibu kisha akaendelea na jina la pili kana kwamba hakuna kilichotokea. Husimama, huuliza, hutuma mtu nyumbani. Ninawaomba tuite majina kwa namna hiyo kila siku, hata siku ambazo mto umetulia. Anayekosekana atafutwe, na aliyepo lakini haitiki, aulizwe kwa upole kama amesikia.

Mtakapofungua daftari lenu la kwanza, acheni mahali pa wazi mbele ya kila jina. Mahali hapo, kwa kalamu ya risasi, andikeni jambo moja mnalolijua juu ya mtoto huyo ambalo daftari halikuwaambia. Jina litakalobaki bila neno mbele yake hadi mwisho wa muhula, basi mjue ni la mtoto aliyeandikishwa tu, bado hajapokelewa.